Redio Iliyotembea na Jua

Jumatatu ya Pasaka mwaka huu kaka yangu Paluku alifia Beni, ambako alikuwa ameenda kutengeneza redio ya parokia moja. Presha, walisema. Kesho yake gari lilimleta kwetu Mususa, mtaa wa mji wa Butembo. Mama alikuwa Luofu kwa dada yake tangu kabla ya Kwaresima, kwa mavuno ya viazi. Akaletwa kwa pikipiki, na tope la njia nzima likiwa kwenye kitenge chake. Aliingia, akamtazama mwanawe kwenye jeneza, akamgusa shavu, akasema neno ambalo majirani wanalirudia hadi leo.

"Miye siwezi kuamini mpaka redio yake iseme."

Kisha akaingia chumbani na redio yake ndogo, akakaa kitandani. Nje, chini ya turubai, wanawake walikuwa wamekwisha kukaa kwenye mkeka. Mama wa marehemu hakuwa pamoja nasi, na hakuwa amelia hata kidogo. Alikuwa anangoja tangazo.

Wageni walidhani akili imemruka. Lakini ninyi mliokua nasi mnajua. Enzi zetu mtu hakuwa amekufa mpaka redio imtaje jina, itaje na kijiji cha baba yake, na mahali watu watakapokusanyika. Kabla ya hapo ilikuwa ni uvumi tu. Niliwahi kuona mzee mmoja wa mtaa wetu akikataa kwenda matangani kwa mdogo wake mwenyewe kwa sababu pile, betri za redio yake, zilikuwa zimeisha, na hakutaka kulia kwa maneno ya watu.

Na redio ya Mususa, kabla haijawa na bureau, ofisi yake, na kiti cha kuzunguka, ilizaliwa nyuma ya jiko letu.

Mwalimu wa fizikia ndiye aliyeanza. Alikuwa ametumwa kwetu kutoka Kasai, na mshahara wake ulikuwa bado uko njiani unamfuata. Alimpa Paluku mchoro, akamweleza kwamba redio inayorusha haianzi na mnara ule mrefu ambao watu wanausifu. Inaanza na kisanduku kidogo kinachozaa wimbi, ambacho kwa Kifaransa kinaitwa excitateur. Mashine kubwa inayokuja nyuma yake haina akili. Inaongeza nguvu tu. Kidogo kikikosea, kikubwa kinapeleka kosa mbali zaidi. Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, nimeona wakubwa wengi na wadogo wao, na sijapata sababu ya kumpinga yule mwalimu.

Mchoro ulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilitaka quartz, kijiwe kinachoshika wimbi lisihame, nacho kilipatikana Kampala. Ya pili ilitaka waya na uvumilivu. Tulichagua ya pili baada ya kufikiri sana, kama mtu asiye na viatu anavyofikiri sana kabla ya kutembea peku.

Waya tuliutoa kwenye mota iliyoungua ya kinu cha muhogo. Paluku aliuzungusha kwenye kalamu ya Bic iliyokwisha wino, kisha akaivuta kalamu polepole, ikabaki koili safi kama springi ya saa. Transista ilitoka kwenye redio ya marehemu babu. Kuchomea hatukuwa na chombo, tulikuwa na msumari mkubwa uliolala ndani ya mbabula, jiko la makaa, mpaka uwe mwekundu, na harufu ile ya risasi ikiyeyuka ilichanganyika na harufu ya sombe la mama, majani ya muhogo. Mpaka leo nikisikia sombe linaiva, naona moshi mdogo wa bluu. Maikrofoni ilikuwa kipande cha simu ya zamani ya mezani. Vyote tulivifungia ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, ili visiingiliwe na mambo ya nje.

Lakini viliingiliwa. Kile kisanduku kilikuwa na tabia mbaya ya kumjua kila anayepita. Ukisogeza mkono, wimbi linahama. Ukikirekebisha kwa bisibisi ya chuma, linakimbia. Ilibidi kutumia kijiti cha kiberiti kilichochongwa. Siku ya kwanza Paluku alipoanza kusema hewani, sisi tukiwa kwa jirani na masikio kwenye redio, mama alipita nyuma yake na sufuria ya maharagi, na sauti ikapotea katikati ya salamu. Tuliikuta mbele kidogo kwenye mstari wa namba za redio, bado inasalimia. Tangu siku hiyo mama alikatazwa kupita jikoni kwake mwenyewe wakati wa vipindi.

"Mama, usipite apo, uko unasukuma redio," Paluku alikuwa akimwambia.

"Njo redio gani inaogopa maharagi?" mama alikuwa akijibu, na anazungukia nje kwenye mvua.

Dawa ilipatikana kwa sakristani. Alitupa vipande vya mishumaa ya Pasaka vilivyobaki, tukaviyeyusha, tukamwaga nta juu ya koili ikakaa imara. Baada ya hapo mama aliweza kupita na sufuria. Yeye aliamini kabisa kwamba ni kwa sababu mishumaa ilikuwa imebarikiwa, na Paluku, aliyejua sababu nyingine, hakuona haja ya kubishana na mtu aliyetupikia.

Tatizo moja nta haikulimaliza. Asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya Butembo, redio yetu ilikuwa mahali pake. Jua likipanda na bati likianza kulia, kisanduku kilipata joto, na wimbi likaanza kusogea kushoto, taratibu, kama mbuzi aliyelegeza kamba. Saa sita ilikuwa imefika kwingine kabisa. Mvua ikinyesha saa tisa au saa kumi, bati linapoa, nayo inarudi nyumbani. Mtaa mzima ulikuwa ukizungusha kitufe kuifuata. Watu hawakulalamika, nadhani walifikiri redio zote za dunia zinaenda hivyo. Mama, ambaye hajui tarakimu, alichukua verni yangu nyekundu ya kucha, akaweka tone dogo kwenye kioo cha redio yake mahali pa asubuhi, na tone jingine mahali pa mchana. Alikuwa akisema, "Paluku anatembeaka na jua. Mvua njo inamurudisha."

Siku moja yule mwalimu alihamishiwa Beni, akataka kuona kazi yetu. Tulipanda lori, Paluku na mkebe magotini, mimi na kuku. Kwenye kizuizi mwanajeshi mmoja, mtu wa mbali aliyesema Kiswahili chake kwa Kilingala, aliuliza kuna nini ndani ya boîte ya maziwa.

"Excitateur, chef," alisema Paluku.

"Excitateur? Weye mudogo vile? Una-excite nani?"

Kaka yangu hakujua kudanganya. "Antenne, chef."

"Antenne njo nani?" Mwanajeshi akanigeukia. "Njo huyu?"

Tulishushwa. Neno lenyewe, ambalo laweza pia kuwa mchochezi, lilikuwa baya kwa nyakati zile. Mtu aliyekuwa akichochea watu hakuachwa apite na mkebe. Dereva alimwambia kwamba mimi naitwa Masika, na kwamba Antenne ni waya, lakini hakusadikiwa. Basi Paluku akaomba ruhusa ya kuonyesha. Akaunganisha mkebe kwenye betri ya lori, akazungusha kijiti chake, na redio ya mfukoni ya mwanajeshi, iliyokuwa ikipiga muziki, ikanyamaza, kisha ikasema kwa sauti ya kaka yangu: chef, tunaomba kupita.

Yule mtu aliitazama redio yake muda mrefu. Halafu hakutukamata. Aliuliza, kwa sauti ya chini ambayo haikufanana na bunduki yake, kama angeweza kumsalimia mke wake. Mke alikuwa Kikwit. Akachukua ile maikrofoni ya simu akageuka kutupa mgongo. "Mama ya bana, mbote," alianza, mama wa watoto, salamu. Akamwambia kwamba yuko mzima, kwamba huku kuna baridi, kwamba amwambie mtoto mkubwa asiache masomo. Alisema mambo mengi. Sauti ya mkebe wetu ilifika, nikisema sana, mwisho wa soko dogo la kando ya barabara. Wamama waliokuwa wakiuza ndizi walisikia kila kitu, na mmoja akafuta macho. Alipomaliza aliuliza kama mke amesikia. Paluku, ambaye nimesema hakujua kudanganya, alijibu, "Umesema vizuri, chef." Tukapita.

Miaka ikaenda. Redio ikapata ruhusa, ikapata mnara, ikapata vijana, mkebe ukibaki ule ule. Vijana hawa ni wazuri, sina neno nao, ila wakikosa réseau, mtandao wa simu, kwa muda mfupi wanashika kichwa kama waliofiwa. Walichoka na redio inayotembea. Mwaka huu, kabla ya Kwaresima, waliamua kununua excitateur mpya, yenye tarakimu za bluu, na wakamwomba Paluku awachagulie. Alikwenda nao dukani. Mfanyabiashara alileta mbili na kuzisifu kwa rangi zake. Paluku hakusikiliza rangi. Aliziwasha, akazibeba moja moja hadi nje, akaziweka karibu na mbabula ya mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi, akachuchumaa na redio ya mfukoni. Mfanyabiashara alipiga kelele kwamba mashine si mahindi. Ya kwanza ilianza kukwaruza. Ya pili ilikaa pale kwenye moshi, joto likaipiga, na haikusogea hata unywele.

"Huyu hatembeake," Paluku alisema. Kijana mmoja ameniambia kwamba aliirudia ile sentensi mara nyingine njiani, na kwamba haikusikika kama sifa. Aliifunga mwenyewe kituoni, mahali pale pa asubuhi. Mkebe wa maziwa akaurudisha nyumbani, ukawekwa juu ya kabati. Mama wakati huo alikuwa Luofu, ambako redio ya Mususa haifiki.

Sasa mnaelewa kilichotokea.

Tangazo lilipangwa kusomwa saa sita, na tena jioni. Saa sita ilipokaribia jua lilikuwa kali. Nilichungulia chumbani nikamwona mama akizungusha kitufe, mshale ukaacha tone la asubuhi, ukaenda kushoto, ukasimama kwenye tone la mchana. Palikuwa na mkwaruzo mtupu, kama mafuta yanayokaanga. Nikamwambia, mama, haitembei tena, iache kwenye tone la asubuhi. Akanitazama kama ninavyotazamwa nikisema upuuzi.

"Redio ya Paluku?" akaniuliza.

Nilinyoosha mkono kwenye kitufe, akausukuma. Ile redio hakuna aliyeigusa isipokuwa yeye na kaka.

Na nje, saa sita ile ile, tangazo lilisomwa. Vijana wengi waliokuja kwenye msiba walikuwa na simu, na simu hizi haziwezi kushika redio bila waya wa masikio. Basi kila mmoja alisikia kifo cha kaka yangu peke yake, kichwa kimeinama, uzi sikioni. Mmoja alichomoa upande mmoja wa waya sikioni akanipa nisikie, na nikasikia mwisho tu, jina la baba na neno Mususa. Zamani tangazo moja lilikuwa linatoka madirishani kote, likapita juu ya paa na miti ya parachichi, na wewe uliyekuwa unafua ungeinuka na mikono yenye povu kwa sababu jirani ameinuka. Siku hizi sauti ni safi zaidi. Haikwaruzi, haihami, haiogopi maharagi. Inafika sikio moja baada ya jingine bila kumsumbua mtu.

Mama aliendelea kusikiliza mkwaruzo. Saa nane mjomba alimwomba atoke ale. Saa tisa padri alipita, naye hakufaulu. Walianza kunong'ona kwamba tutazika kesho bila mama kulia, na kwamba hilo si jambo la kawaida. Mimi nilifikiria kumchukua kijana mmoja wa redio aje kuunganisha tena mkebe wa maziwa, nikamwuliza. Alisema kwa upole kwamba hairuhusiwi tena, ungetembea juu ya redio za wengine. Alisema kweli.

Kisha kukawa giza upande wa Rughenda, na mvua ikaja, ile ya kupiga bati mpaka watu wanasemezana kwa mikono. Tukasogeza mkeka katikati ya turubai. Ilipopungua niliingia ndani kumwangalia mama. Alikuwa amesikiliza bati kwanza. Kisha, taratibu, akarudisha mshale kulia, hadi kwenye tone la asubuhi, na redio ikasema wazi, bila kukwaruza, kama ilivyokuwa ikisema pale pale mchana kutwa. Palikuwa na wimbo. Baada ya wimbo, matangazo. Jina la kaka yangu lilikuwa la pili.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, hadi mahali pa mazishi.

"Nilikuambia," akasema. "Mvua imemurudisha."

Nikasema ndiyo.

Akaizima kwanza ili pile zisiishe, akaiweka juu ya kabati kando ya mkebe, akatoka nje, nami nikamfuata, na akaniambia nisogee kwenye mkeka apate mahali pa kulia.