Chumba cha Vitanda Viwili Sarajevo

Fomu ya hoteli ilitaka kujua wageni ni wangapi, nami nikaandika wawili. Hakuna aliyekuwa amekubali kufuatana nami. Nilikuwa nimekaa jikoni kwangu Tooting, London, mwezi wa Septemba, nje mvua ya rasharasha, na nilikuwa nimeshaamua kwamba mgeni wa pili ni binti yangu. Yeye mwenyewe nilikuwa bado sijamwambia. Nilitaka aje, tena nilitaka sana, lakini mimi ni mtu wa Pemba na ni mkaidi juu ya hayo, na kumwomba mtoto wangu anisindikize ni jambo ambalo mdomo wangu haujalizowea.

Safari yenyewe ilikuwa ya mke wangu. Aliuona mji wa Sarajevo kwenye televisheni kabla hajaanza kuumwa: mji uliokaa bondeni, milima yenye theluji vileleni imeuzunguka, majani ya miti yamegeuka manjano na mekundu, na katikati ya yote hayo adhana. Alisimama na mwiko mkononi mpaka mchuzi ukaungua. "Hebu tizama," aliniambia, "Waislamu hawa wana theluji!" Tukakubaliana tutakwenda Oktoba, majani yakianza kupukutika, kabla ya baridi kali, maana magoti yake hayakuwa mazuri. Oktoba ya kwanza mimi nilikuwa na kazi. Ya pili yeye alikuwa amelazwa. Ya tatu nilishakuwa peke yangu, na sikwenda popote.

Nyumba ilinishinda. Nilipika kikombe kimoja cha mchele na bado wali ukabaki. Nilibishana na redio. Nilikuwa nimeshastaafu kazi yangu ya kupanga mafaili hospitalini, kwa hiyo siku nzima ilikuwa yangu na sikujua la kuifanya. Nasema wazi, nilikuwa mpweke kiasi cha kufurahi alipogonga mlango mtu wa kusoma mita ya gesi. Nilimkaribisha chai akakataa, nikamshikilia mpaka akanywa, na alipoondoka niliosha kikombe chake taratibu ili kazi isiishe.

Ndipo nikaamua kwamba Oktoba ya nne nitakwenda. Ila wazo la kula kiamshakinywa cha hoteli peke yangu, kisha kupanda vilima vile peke yangu nikitizama alichotaka kukiona mtu mwengine, lilinitia hofu. Na hofu hiyo pia sikumwambia mtu.

Binti yangu ni mtoto wetu wa pekee. Anakaa Kingsbury, upande wa pili wa London, anapiga wagonjwa picha za eksirei, na huja kwangu kila Jumapili. Kiswahili anakielewa chote, ila tangu aanze skuli hujibu kwa Kiingereza, na hapa maneno yake nayaandika kwa lugha yangu. Jumapili moja nikamwonyesha picha za mji. Nikamweleza habari za mto, madaraja na misikiti, halafu nikataja, kama kwa bahati tu, kwamba njia zake ni za kupanda na mawe yake huteleza mvua ikinyesha.

Akainua macho kutoka kwenye sahani. "Baba, nije na wewe? Nina wiki moja ya likizo imebaki."

Moyo wangu uliruka. Mdomo nao ukasema, "Aa, una kazi zako, mwanangu. Usijisumbue."

"Si usumbufu. Nataka kuja."

"Mimi mtu mzima. Nitafika tu."

Kwetu mtu hakubali kitu mara ya kwanza. Ukikaribishwa chakula unasema umeshiba, hata kama tumbo linanguruma. Ukikaribishwa tena unasema alhamdulillahi, nimetoka kula sasa hivi. Mwenyeji anakushika mkono, anakuapia kwamba huondoki, na hapo ndipo unanawa. Anayekubali upesi ni mroho, na mwenyeji anayekuacha uende baada ya kukataa mara moja, huyo hakukutaka. Mimi nimelelewa hivyo. Nimekaa na Waingereza zaidi ya miaka thelathini na wengi wao wameniacha na njaa, lakini sikuwahi kudhani kwamba mwanangu naye yumo kwenye kundi lao.

Jumatano akanipigia simu. Alisema likizo ni lazima aiandikishe wiki ile. "Una hakika hutaki nije?"

Hiyo ilikuwa mara ya tatu, na hata kwa desturi ya Pemba ilitosha. Lakini mke wangu alikuwa amenizoesha kudeka. Nilitaka nibembelezwe kidogo zaidi, aseme hawezi kuniacha niende peke yangu, aseme atanuna. Nikamwambia nina hakika, kwa sauti ya unyonge kabisa, sauti ambayo mtu yeyote wa kwetu Wete angeisikia na kuja mbio na sanduku lake.

"Okay, Baba," akasema.

Nikaweka simu chini nimeridhika. Kwa akili yangu jambo lilikuwa limekwisha. Ameuliza mara tatu, kwa hiyo anakuja.

Wiki mbili zilizofuata nilikuwa mtu mwengine. Nilisoma habari za tramu zao na kahawa yao inayoletwa kwenye sinia dogo. Nilikwenda Peckham kwa basi, safari ambayo sikuwa na haja nayo, nikanunua soksi za sufu jozi nne, mbili za kike. Nilibadilisha chumba mara mbili mpaka nikapata chenye vitanda viwili na dirisha linalotizama mlima, kitanda cha dirishani nikamwekea yeye moyoni mwangu. Ijumaa, baada ya sala, nikaanza kuaga kama inavyopasa, nikiomba radhi kwa huyu na yule. Mzee mmoja tuliyetoka naye kisiwa kimoja akaniuliza nakwenda na nani.

"Na binti yangu," nikamjibu.

"Bora hivyo, bwana. Peke yako ungetutia wahka. Wamebaki watoto wa kufuatana na wazee wao hapa London?"

Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Nilijiona baba mwenye bahati, na usiku huo nilipika wali wa watu wawili kwa makusudi nikaula wote.

Jumapili ile ya kwanza hakuja, alikuwa na zamu; ya pili alipokuja nilikuwa na kompyuta tayari mezani. Nikamwambia anipe namba ya pasipoti nikate tiketi. Akaweka kijiko chini.

"Tiketi ya nani?"

"Yako. Ya Sarajevo."

Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza wagonjwa wake, kwamba wiki yake ya likizo amemwachia mwenzake anayeozesha ndugu yake, na kwamba yeye ameshapangiwa zamu Oktoba nzima. Alisema mimi ndiye niliyekataa. Alisema alidhani nataka kwenda peke yangu kwa ajili ya Mama, na akaona si heshima kunilazimisha.

Nilikasirika. Ndiyo tabia yangu, nikiumia nakasirika kwanza. "Hata hukuuliza tena!"

"Niliuliza mara tatu."

"Ungeuliza ya nne!"

Niliyasikia maneno yangu na nikajua ni ya kipuuzi, lakini sikunyamaza. Nilimwambia mtoto mwenye huruma hangoji kuombwa. Nilimwambia mama yake asingenielewa vibaya hata siku moja. Hilo la mwisho lilikuwa la kweli, na nililisema ili limuume. Yeye hakupandisha sauti. Alikuwa akikunja kitambaa cha mkono, anakikunjua, anakikunja tena.

"Mama alikuwa akinipigia simu," akasema.

Nikamuuliza simu gani.

"Kila nikizungumza na wewe, Mama ananipigia baadaye. Ananiambia, Baba yako amesema usije, lakini njoo. Amesema hataki kitu, lakini mletee. Siku ya mahafali yangu ulisema miguu inakuuma, Mama akanipigia akasema, anataka umfuate umlete, kamfuate. Mara zote ilikuwa hivyo, Baba. Mimi peke yangu sijawahi kujua unataka nini." Akafuta pua kwa kile kitambaa. "Jumatano ile, baada ya kuzungumza na wewe, nilikaa na simu mkononi, nikingoja. Najua ni ujinga."

Sikuwa nalijua hilo. Miaka yote nilidhani mwanangu ananisoma mwenyewe, na nimejisifu kwa hilo mbele za watu. Mke wangu hakuniambia hata mara moja. Labda aliona haya kwa niaba yangu, au labda alidhani atakuwepo siku zote kupiga hizo simu.

Nikafungua mdomo kumwambia hakuna neno, asijali, nitakwenda mwenyewe na nitafurahi. Maneno yalishafika ulimini. Nikayameza, kwa sababu hapakuwa tena na mtu wa kumpigia baadaye akamweleza.

"Naogopa kwenda peke yangu," nikamwambia. "Nilitaka uje tangu siku ya kwanza."

Akasema Oktoba haiwezekani tena. Kisha akaanza kulia, na mimi sikumwambia anyamaze.