Kifaranga Aliyengoja Kulishwa

Dada yangu hushona sare za shule sebuleni kwetu. Mashine iko dirishani, na chini ya meza ya kukatia vitambaa mwaka huu kulikuwa na boksi lenye balbu na vifaranga wa tausi. Jirani mwenye ukuta mrefu alipohama alimwachia dada tausi wake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiwarushia makombo. Jike lilipotaga na kuyakimbia mayai, dada akayaangua mwenyewe. Mimi ni msusi, nafanyia kazi kibarazani. Sikuulizwa.

Watu hudhani tausi ni uzuri mtupu. Waje wamwone kifaranga: rangi ya vumbi, shingo nyembamba, na hata kula hajui. Wa kuku huanza kudonoa mapema. Wa tausi husubiri mama amwinulie chakula mdomoni. Ndiyo maana dada alimtia kifaranga wa kuku ndani ya boksi, ili wenzake wamwige. Tulimwita Mwalimu, na kwa kweli alifundisha. Muda si muda wote wakawa wanadonoa kwenye kisahani, isipokuwa mmoja.

Huyo alianguliwa jicho moja limeziba na la pili lina utando mweupe. Angemwigaje Mwalimu asiyemwona? Dada akawa anamlisha kwa ncha ya kidole, kiini cha yai kilichopondwa na kuchanganywa na pumba laini, kutwa nzima, mashati yakingoja mikono. Kifaranga akazoea. Akisikia hatua za dada anainua kichwa na kufungua mdomo, basi, kazi yake imekwisha. Tukamwita Mheshimiwa.

Ningecheka zaidi kama dada angekuwa mzima. Alikuwa na uvimbe tumboni, na kila mwezi ulimtoa damu mpaka midomo ikapauka. Alipangiwa kitanda hospitali afanyiwe upasuaji, hakwenda. Akapangiwa tena, hakwenda. Mara ya kwanza alisingizia sare. Mara ya pili hakusingizia kitu, alisema wazi kwamba Mheshimiwa hajui kula. Daktari akaniita pembeni, akaniambia kwamba damu ikiendelea kupungua hawezi kunihakikishia lolote. Huyu ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Nilirudi nyumbani nimefura, na yule kifaranga nilimchukia, nasema kweli.

Nilijaribu kumlisha mimi. Vidole vyangu vinanuka mafuta ya nywele. Alifunga mdomo akageukia pembeni. Dada akasema nisijisumbue, kwa sauti ya mtu aliyechoka hata kubishana. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye mashine. Anashona kidogo, anainama, analisha, anainuka kwa kushikilia meza. Mimi nilichoka kwa kumtazama tu.

Ilibaki siku moja kabla ya kitanda alichopangiwa mara ya tatu. Nilikuwa nabadilisha maji ya vifaranga kwa hasira, nikakanyaga kisahani chao cha plastiki kikapasuka. Nikachukua mfuniko wa sufuria, nikaugeuza, nikamwaga chakula humo. Mwalimu na wenzake wakaurukia, na midomo yao ikaligonga bati, ta-ta-ta, chumba kizima kikasikia. Mheshimiwa, aliyekuwa amejikunyata, akageuza kichwa.

Akapiga hatua, akajikwaa kwenye ukingo, akalia. Dada akasukuma kiti nyuma. Nikasimama mbele yake.

"Muache."

"Ana njaa."

"Najua ana njaa. Muache tu."

"Hujui unachosema, mdogo wangu. Huyu hana mtu."

"Na mimi nina nani?"

Sikupanga kusema vile. Dada alinitazama, kisha akaketi, akaweka mikono mapajani.

Ikawa asubuhi ndefu. Kifaranga alilia, akanyamaza, akalia tena. Mama mmoja alikuja kufuata sketi ya mwanawe, akauliza nani amefariki, jinsi nyuso zetu zilivyokuwa. Dada alijikaza, akachomoa uzi kwenye nguo ambayo haikuhitaji kuchomolewa chochote, machozi yakimtiririka. Wenzake walipoanza kula tena, Mheshimiwa aliifuata ile sauti mpaka mfunikoni, akasimama mdomo wazi, akingoja. Hakikuja kitu. Alingoja mpaka shingo ikalegea kwa uchovu, kichwa kikaanguka, mdomo ukagonga bati. Punje zikanata. Akameza.

Akakaa kidogo. Akagonga tena, safari hii kwa kukusudia.

Dada alipiga magoti kando ya boksi, akamtazama akila mpaka gole lake, kile kifuko cha chakula shingoni, likatuna. Akamwita taratibu, kama alivyozoea kumwita. Mheshimiwa hakuinua kichwa. Alikuwa na shughuli zake.

"Haniitikii," dada akasema.

Nikamwambia ndivyo tulivyotaka. Akasema anajua, na kwamba anajua vizuri kuliko mimi, lakini imemuuma. Kisha akasema, "Nimechoka," neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake tangu mama atuache. Akaniambia nimpakie kanga zake za hospitali.

Akajaribu kuinuka, akaishia kuning'inia kwenye ukingo wa meza. Nikamshika kwapani nimnyanyue, nimejiandaa kwa uzito wa dada yangu mkubwa, na uzito huo haukuwepo.