Nataka Iongee Vizuri

Balaa lote lilitokana na neno moja, na neno lenyewe Kyule alilitamka kwa mdomo wake mchana kweupe. "Nataka iongee vizuri," alimwambia fundi. Ekzosi ya gari lake, lile bomba la moshi, ilikuwa imeoza kwa kutu, inakohoa Kangundo Road nzima, na yeye, karani mtu mzima anayepiga pasi hata leso, alitaka gari liseme kwa adabu. Lakini kwa mafundi vijana wa Njiru, gari linaloongea ni lile linalonguruma mpaka vioo vya watu vitetemeke! Opicho, fundi mwenyewe, alifurahi ajabu. "Mzae, kumbe uko rada, mjanja kama sisi! Hii itaongea mpaka Dandora wajue umetoka." Kyule akadhani ni utani wa vijana, akaenda zake kunywa chai.

Aliporudi alikuta bomba jipya, nene, limenyooka kutoka injini hadi nyuma. Sailensa ya zamani, ile ya kupunguza mlio, ilikuwa imeshakatwa na kwenda na watu wa vyuma vikuukuu. Alipowasha gari, kifua kilimtetemeka. Ala! Opicho akampigia makofi.

Mwingine angezoea, na wapo wanaotafuta mngurumo kama huo kwa udi na uvumba. Shida ya Kyule ilikuwa Mbinya, mkewe.

Mbinya alikuwa msemaji, jamani. Soprano wa kwaya, na ulimi wa kumchokoza mumewe tangu mlangoni mpaka kanisani. Kisha ugonjwa wa koo ukamshika. Daktari wake kule Buruburu hakumficha: sauti inaisha, haitarudi, na hiyo iliyobaki asiitumie ovyo. Basi nyumbani, katikati ya wajukuu na televisheni, Mbinya aliwaita watu kwa kupiga makofi na mengine akayaandika kwenye simu. Kile kinong'ono kilichobaki alikiweka akiba ya garini, asubuhi wakienda kliniki, wawili peke yao. Hapo ndipo alipomgeukia mumewe akamwambia maneno mawili matatu. Kyule aliyatamani maneno hayo kuliko chakula.

Na sasa gari lilikuwa linaongea lenyewe. Mbinya alifungua mdomo, ekzosi ikammeza. Kyule angefanyaje? Kumwambia arudie ni kumchosha koo, na ni yeye aliyeleta kelele hizo. Akawa anaitikia kwa kichwa tu. "Eeh, Mama Kavinya. Eeh, ni kweli."

Akaanza kupigana na kelele. Alifunga vioo, mvumo ukazidi, ukamkaa masikioni mpaka ofisini. Akakata godoro kuukuu akalitandika chini ya kapeti. Gari likanuka kitanda na kelele ikabaki palepale. Akajaza mablanketi kwenye buti la nyuma, akaonekana kama mtu anayehama. Kila asubuhi Mbinya alisema lake, naye akaitikia lisilosikika, roho ikimuuma.

Mwishowe alimpata Shiundu, mchomeleaji wa Buruburu, mtu wa maneno machache. Shiundu aliingia chini ya gari, akatoka akipangusa mikono. "Mzee, hii bomba inagusa bodi, ndiyo maana inavuma ndani. Hapa kwa floo kuna shimo, kizibo hakuna. Na sailensa hata moja huna. Godoro itasaidia nini?" Akalining'iniza bomba kwa mipira mipya, akaziba shimo la sakafuni, akachomelea sailensa mbili, ya katikati na ya nyuma. Kyule alisimama kando muda wote kama mtu anayengoja mtoto azaliwe.

Asubuhi iliyofuata gari lilitoka Njiru kimya. Kyule alisikia indiketa ikigonga. Alisikia funguo zikicheza. Alikaribia kulia kwa furaha. "Haya sasa, Mama Kavinya," alisema. "Niseme mimi au useme wewe?"

Mbinya alimgeukia. Midomo ikacheza.

Kyule alipunguza mwendo, akaegesha kando, akazima injini kabisa. "Hebu tena." Midomo ikacheza tena, polepole, kama anavyosemeshwa mtoto. Hakukuwa na kitu. Hata kile kinong'ono hakikuwepo, hata pumzi yenye neno. Siku zote hizo alikuwa akilaumu bomba, na kumbe chini ya kelele zile sauti ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyemwambia.

"Iliisha lini?" aliuliza.

Mbinya alirusha mkono nyuma ya bega: zamani. Kisha akatoa simu kwenye mkoba, akaandika bila haraka, akamwekea mapajani.

"Siku ya mwisho nikiwa nayo nilikuuliza kama unanisikia. Ukaniambia eeh."