Binamu yangu ndiye aliyeitwa kutia saini wosia wa baba

Nadai jambo moja, nami niko tayari kulitetea: baba anapoandika wosia, mtoto wake wa kumzaa ndiye anayestahili kuwa wa kwanza kuitwa.

Admin, nifichie jina. Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na saba, nina shahada, na kwa sasa ninafundisha kwa kujitolea Masasi mjini. Nyumbani ni Kitangari, Newala, ambako baba ana shamba la mikorosho aliyoipanda kwa mikono yake.

Baba aliponiambia anataka kuandika wosia, nilimshauri twende kwa wakili Mtwara. Akasema hana uwezo huo. Basi nikauandika mwenyewe, kurasa nne zilizochapwa, na kwenye nafasi ya shahidi wa kwanza nikaweka jina langu. Baba alinisikiliza hadi mwisho. "Maneno mazuri," akasema, "ila mimi mwenyewe simo humu ndani."

Wiki iliyofuata mama akanieleza kwamba wosia umekwisha kuandikwa, tena bure, na msaidizi wa kisheria wa kata yetu. Mmoja wa mashahidi alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliyeishia darasa la saba. Nimwite Hashimu.

Ninyi mlio wa huku mnajua kilichonichoma. Kwa mila zetu ukoo hufuata upande wa mama. Mpwa ni wa ukoo wa mjomba wake, na zamani ndiye aliyemrithi. Mimi mtoto nahesabiwa ukoo wa mama yangu. Tena Hashimu ndiye anayepulizia dawa ya salfa mikorosho ya baba, na ndiye baba anayecheka naye. Nakiri kwamba nimemwonea wivu tangu utotoni, na siku ile wivu uliniaminisha kwamba shamba ameandikiwa yeye, ukanipeleka Kitangari bila hata kuaga shuleni.

Nilimkuta uani akisafisha pampu ya dawa. "Shikamoo, profesa," akanitania, ingawa yeye ndiye mkubwa.

"Umemzunguka baba yangu mpaka ukaandikiwa shamba," nikamwambia mbele ya mama na majirani. "Huna haya."

"Muulize Mjomba."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi shule yangu fupi, ndugu yangu. Nitakujibu vibaya bure."

Nikaenda moja kwa moja kwa yule msaidizi wa kisheria, mama wa makamo, nikadai wosia uandikwe upya na mimi niwe shahidi.

"Yaliyomo sikwambii, ni siri ya mzee," akasema. "Ila utaratibu nakueleza. Shahidi mmoja atoke kwenye ukoo wake, na shahidi harithi. Haya, mwanangu, bado unataka kuweka saini?"

Ndipo nilipoelewa. Katika ukoo wa baba, mtu pekee ambaye angeweza kusimama kesho na kulidai shamba kwa mila ni Hashimu. Kwa saini yake alikuwa amejiondoa. Nikauliza kama alilijua hilo.

"Nilimsomea mara mbili. Akauliza kalamu iko wapi."

Mtadhani wivu wangu uliishia hapo. Umezidi. Zamani nilimwonea wivu kwa alichoweza kupata. Sasa namwonea kwa alichoweza kuacha. Nimejiuliza kwa uaminifu kama ningetia saini ile, na jibu ni kwamba nisingetia. Inaelekea baba alilijua hilo kabla yangu.

Baba yu hai, na wosia unaweza kuandikwa upya. Je, nimwombe amgawie Hashimu sehemu ya mikorosho anayoihudumia? Nikifanya hivyo nitakuwa nimemtendea haki, au nitakuwa natafuta tu namna ya kurudi kuwa mkubwa juu yake? Na nianze na baba, au nianze na yeye, ambaye tangu siku ile sijamsalimia?

Anayenitetea na anayenilaumu, wote waandike hapa hapa kwenye maoni, wasinifuate inbox. Nilimtukana hadharani, na Hashimu huusoma ukurasa huu kila siku. Atanitambua. Nataka ayasome majibu yenu yeye mwenyewe.