Waliokuja kwa Harufu

Juzi nilikuwa Nyanga kwa binamu yangu. Nilikuwa nimeketi nyuma ya nyumba nikimenya ndizi za mchana, mwanawe akaangusha mgomba karibu na nilipokaa. Panga lilipopita kwenye shina maji yakatiririka, na ile harufu ikanifikia, mbichi, baridi, yenye uchachu kidogo. Nikaacha kumenya. Binamu akauliza kama nimejikata. Sikuwa nimejikata. Nilikuwa nimerudi Maruku, kwenye kibanja cha bibi yangu mzaa baba, nikiwa msichana wa darasa la tatu.

Wewe uliyekulia kwetu huhitaji kuelezwa kibanja. Kwa asiyejua, ni nyumba iliyozungukwa na migomba, mibuni imechanganywa humo humo, maharage chini yake, na wenye nyumba waliotangulia wamezikwa papo hapo. Babu alilala upande wa jikoni. Kila asubuhi bibi akienda kukata ndizi alisimama kaburini akampa habari za nyumbani: nani anaumwa, nani kajifungua, na siku zote alimalizia na mbuzi. Alimtajia kila mbuzi alivyoamka. Sisi hatukuona ajabu yoyote.

Enzi hizo zilikuwa za ujamaa. Baba na mama walikuwa wamehamia kijiji kipya kule mbele ya Kagoma, kwenye rweya, yaani mbuga ya nyasi tupu, wakilima shamba la pamoja. Mimi waliniacha kwa bibi ili nisome, na kusema kweli, ili bibi asibaki peke yake. Baba alipokuja kututembelea alisifu kisima cha huko na zahanati iliyokuwa ikijengwa, kisha akamwomba mama yake ahame. Bibi alikuwa na jibu moja tu: "Nitamwachia nani mzee?" Baba alitafuna kahawa.

Mwaka ule migomba ikaanza kuanguka. Upepo wenyewe ulikuwa wa kawaida tu. Unaamka unakuta mgomba wenye mkungu mchanga umelala chini, mizizi juu, na ukipasua kitako chake kimejaa matundu meusi. Ilianza migomba iliyokuwa karibu na kaburi la babu, ile aliyoipenda kuliko yote, halafu ugonjwa ukasogea kuelekea nyumbani. Kwetu kibanja kisicho na ndizi si kwa watu. Baba alipoona hali ile alisema kwamba shule zikifungwa anakuja kumchukua mama yake, na safari hii hataki ubishi. Jioni nilimkuta bibi jikoni anafuta macho, akasingizia moshi wakati moto ulikuwa haujawashwa.

Hapa lazima nimlete jirani yetu, mzee mjane mwenye pua ambayo sijaona mfano wake. Nyumbani kukiwa na rubisi, pombe yetu ya ndizi, inachacha ndani ya mtumbwi wa mti, hatukumwalika mtu. Siku pombe inapokuwa tayari, huyo anatokea kati ya migomba. "Nimepita tu kuwasalimu." Bibi alimcheka, akasema, "Chema chajiuza," akamkaribisha kwa kibuyu. Mzee akishakunywa kidogo alianza kuimba, na sauti yake ikifika njiani, majirani wengine nao wakapita tu kutusalimu.

Basi ni mzee huyo huyo aliyetuletea bwana shamba kutoka kituo cha utafiti wa mazao, baada ya kukutana naye njiani. Kijana alimsalimu bibi kwa adabu zote za kwetu, akazunguka kibanja kimya. Alichukua gogo la mgomba ulioanguka, akalipasua katikati kwa urefu, akavilaza vipande karibu na kaburi la babu, upande uliokatwa ukiangalia chini. Akatuambia tusiviguse mpaka arudi kesho asubuhi.

Kesho yake alikifunua kipande kimoja mbele yetu. Chini yake, kwenye ule ubichi, walikuwa wamejibanza wadudu weusi, wadogo kama mbegu, kila mmoja na pua ndefu. Bwana shamba alimgusa mmoja kwa kijiti, akakunja miguu akajifanya amekufa.

"Huyu ndiye fukusi, waitu bibi," alisema, akitumia neno letu la heshima. "Mchana amejificha, na macho yake hayamfikishi mbali. Ananusa. Ukikata mgomba, harufu inamfikia gizani, naye anatembea mpaka anafika. Hapo anakula, hapo anakutana na mwenziwe, hapo wanataga mayai. Watoto wao ndio wanaotoboa kitako."

Bibi akamgeukia jirani. "Basi mmefanana."

Tulicheka wote, mzee akicheka kuliko sisi. Halafu nikaona bibi ameacha kucheka. Alikuwa anatazama kaburi.

Tangu babu afariki, bibi alikuwa na desturi yake. Akikata mkungu, gogo lenye maji mengi zaidi alilikatakata akalibeba mpaka kwa babu, akalipanga kwenye mashina ya ile migomba ya kaburini ili ardhi ibaki na unyevu na mzee asipate joto. Hapakuwa na mtu kijijini aliyetandaza shamba kwa upendo kama ule.

"Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nawaita," alisema kwa Kihaya, taratibu.

Jirani aliinamisha kichwa. Bwana shamba akasema, "Ulikuwa unailisha migomba, bibi. Hukujua nani mwingine ananusa."

Kuanzia siku hiyo magogo mabichi yaliondolewa kwenye mashina yakaanikwa juani mpaka yakauke, na tukatandaza nyasi kavu za rweya. Vipande vya mtego tuliviweka kila upande. Kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kuvifunua na kuwatia fukusi kwenye kopo lenye mafuta ya taa, nikigombana na kuku ambao nao walishajua mambo. Fukusi niliwaonea huruma. Mtu kafuata harufu ya chakula, katembea usiku kucha, na mwisho wake kopo.

Ukubwani nilisoma kwamba dume la fukusi likishafika hutoa harufu yake lenyewe, na wenzake, majike kwa madume, huifuata. Nilicheka peke yangu nikimkumbuka mzee jirani na nyimbo zake. Siku hizi hata nikisikia senene dume akilia kwenye majani, najua anamwita jike, na natamani bibi angekuwepo nimweleze. Angesema alijua.

Shule zilipofungwa baba alifika, na begi tupu mkononi la kubebea nguo za mama yake. Bibi alimpeleka moja kwa moja shambani, akamwambia afunue mtego. Chini yake palikuwa na fukusi mmoja tu. Akamwonyesha machipukizi mapya yaliyosimama wima. Baba alichutama pale muda mrefu, kisha akasema, "Haya mama, kaa na mzee." Aliondoka na begi limejaa ndizi.

Migomba ya kaburini yenyewe haikupona. Bibi hakupanda mingine pale, alitandika nyasi kavu tu. Alipokuwa anaelekea kutuacha, miaka mingi baadaye, alituagiza: "Mkinizika, msiniwekee magogo mabichi. Nitandikieni nyasi za rweya." Tulifanya hivyo.

Kesho yake, baada ya ule mgomba kuangushwa kwa binamu, niliondoka Nyanga nikaenda Maruku. Ugonjwa wa mnyauko umemaliza migomba mingi, mtumbwi wa rubisi uliishia kuwa kuni, na kwa jirani hakuna hata msingi wa nyumba. Nilikwenda kutafuta nyasi kule rweya nikakuta misonobari na mikaratusi. Nilizunguka mpaka nikapata za kujaza kiganja, kando ya barabara. Nikawagawia bibi na babu, nikasimama, nikawapa habari za nyumbani kama alivyokuwa akifanya yeye: nani anaumwa, nani kajifungua. Nilipofika kwenye mbuzi nikanyamaza. Hatufugi tena.