Trekta la Mchoraji

Mchoraji wetu hapa Kakamega hajawahi kuchora kimya. Kabla sinema ya kufundisha wakulima wa miwa haijatengenezwa, yeye huichora kwanza picha kwa picha, na kila picha huitolea mlio kwa mdomo: kuku mashavuni, moto wa shamba kwenye meno, trekta kooni kabisa, mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Mwaka huu wa tisini na saba ofisi imepata kompyuta yenye programu ya kupanga picha hizo na kuzitia sauti. Basi akajirekodi milio yote, kila mmoja akauwekea vitufe vyake viwili vya kubonyezwa pamoja. Sasa hubonyeza kwa vidole vyenye wino, kidole cha mwisho kikiwa juu kama anayeshika kikombe cha wageni, huku midomo ikicheza bila sauti. “Koo nimelistaafisha,” hutuambia.

Juzi wakulima wenyewe walikuja kuzitazama picha hizo na kuamua kama sinema itengenezwe. Wakikataa, kazi ya miezi inatupwa. Kwenye kioo cha kompyuta, trekta lilikuwa linapanda mlima na mzigo wa miwa, stima ikapotea. Kioo kikawa cheusi. Trekta likaendelea. Lilikohoa, likabadilisha gia, na Mzee Wanzala, aliyeketi mbele kabisa, akavuta miguu yake lipite.

“Kumbe hii kompyuta haitakangi stima!” akasema Mama Maurine, mkulima mwenzake.

Mchoraji hakuweza kumjibu; mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka tena. Trekta lilikuwa bado mlimani. Na vidole vyake viwili vilikuwa vimekazana kwenye vitufe, visije vikaliachia likarudi nyuma.