Nilimpiga Mguu wa Kushoto

Fisi nimemuua mmoja tu maishani, na kwa sheria sina kosa. Bwana nyama mwenyewe alinithibitishia siku ya tatu, amesimama uani kwangu pale Nkololo na daftari lake: mnyama akikuvamia, au akivamia mifugo yako, una haki ya kumuua, ili mradi utoe taarifa. Taarifa nilitoa. Akaandika, akanywa maji, akapanda baiskeli yake.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia na mizani yao. Mume wangu alipata kazi ya kupima pamba, akawa anahama nao kijiji hadi kijiji, na msimu ulipoisha akawafuata Shinyanga kwenye maghala. Nikabaki na mbuzi na redio isiyo na betri. Watoto Mungu hakunipa. Mimi ni mzaliwa wa Bariadi mjini, na pale kijijini waliniona najidai. Siwalaumu, kweli nilikuwa najidai. Siku nyingi jua lilizama sijamsemesha mtu isipokuwa bibi jirani.

Bibi alikuwa mjane. Alichechemea mguu wa kushoto tangu plau la ng'ombe lilipomkata akiwa binti. Kila asubuhi alikuja na kigae kuomba moto. Kiberiti alikuwa nacho, nilishakiona kwake juu ya mtungi. Alikuja kwa sababu nyumba yake ilikuwa kimya kama yangu, na mimi nilichochea kuni mapema ili asikose moto. Tulikaa jikoni, moshi ukituumiza macho, akinicheka ninavyosonga ugali.

Asubuhi hiyo, kumeshapambazuka, nilimkuta fisi zizini. Alikuwa amepenya kwenye tundu la ua wa minyaa, akala mbuzi wawili, tumbo likajaa, na sasa tundu lile lile halimtoshi. Kichwa kilikuwa nje, kiwiliwili ndani. Niseme jambo ambalo bwana nyama hakuniuliza: hakuwa ananivamia. Alikuwa anaondoka zake. Lakini nilikuwa na hasira za mbuzi, na za mume, na za miezi yote ile ya kuongea na sufuria. Nikanyanyua jembe. Pigo la kwanza lilimpata mguu wa nyuma. Akajinasua, akanigeukia, nikampiga kichwani, akaanguka.

Nilipiga yowe, na watu wakaja mbio. Uani kwangu palijaa kwa mara ya kwanza tangu mume aondoke. Wanaume walimgeuza fisi huku na huku wakitafuta alama: shanga, au mahali paliponyolewa manyoya. Kule kwetu wengi wanaamini fisi anaweza kuwa na mwenyewe, mchawi anayemfuga na kumpanda, na ukimjeruhi fisi, jeraha linamwendea mwenyewe. Mimi nilijua habari hizo, nikaziona za washamba. Hawakukuta alama yoyote.

Mzee mmoja akauliza, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, ulimpiga wapi?"

Ningeweza kujibu kwa neno moja. Lakini watu walikuwa wananitazama mimi, wananisikiliza mimi, na sikutaka waondoke. Nikachukua jembe, nikaonyesha kwa vitendo, nikaruka mpaka kanga ikataka kudondoka. "Kwanza nikampa hapa! Mguu wa nyuma, wa kushoto! Akalia huyo!"

Macho yote yakanihama, yakaelekea nyuma yangu. Sikuelewa mpaka nilipogeuka. Bibi alikuwa anaingia na kigae chake, anachechemea.

"Mwangaluka," akasalimia.

Hakuna aliyeitikia. Walimpisha njia, wakasogea mbali kuliko ilivyohitajika. Na mimi, kwa aibu niliyo nayo hadi leo, nilimpa moto bila kumkaribisha akae.

Siku ya pili yake kisimani nilijaribu. "Jamani, bibi yule anachechemea tangu mimi sijazaliwa. Fisi nimempiga jana."

"Wewe wa kuja, utajuaje?" mwanamke mmoja akasema, akanitazama usoni, taratibu, hasa macho. Miaka ile vikongwe walikuwa wanaitwa wachawi na kuuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, na sisi wawili moshi wetu ulikuwa mmoja. Nikajitwika ndoo, nikaondoka. Sikumtetea tena. Niliogopa.

Bibi aliacha kuja kuomba moto. Wiki iliyofuata mawe yalirushwa juu ya nyasi za paa lake, mchana kweupe, na mwanawe akaja kutoka Lalago na mkokoteni wa ng'ombe kumchukua. Nilikwenda wakati ameshapandishwa, ameketi juu ya gunia la mtama, mtungi umo mapajani.

"Bibi, nisamehe," nikasema. "Nilisema kweli tu."

Alinitazama bila hasira, na hilo liliniuma zaidi.

"Na kichwani si ulimpiga?"

"Nilimpiga."

"Basi ungesema kichwani, mayu."